Majibu ya Shangazi: Bafu linalosuguliwa kila wiki na bado halitakati

Tangu mvua zilipokatika, barua zilizo nyingi mezani pangu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: utando wa kijivu ukutani, magamba kwenye koki na madoa meupe ambayo sabuni haiyaondoi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea, na atakayeruka moja kwa moja hadi ya mwisho asinilaumu akikwama.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu. Nilihamia Mtwara mjini mwaka jana nikitokea Njombe, na ninapanga nyumba mtaa wa Chuno. Bafu lina vigae vyeupe ukutani, mlango wa kioo na koki za kung'aa, na maji tunayotumia ni ya kisima cha mwenye nyumba. Kila Jumamosi ninasugua kwa sabuni ya unga na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, na mara mbili nimetumia waya wa kusugulia masufuria, lakini vigae vikikauka hurudia weupe kama vimepakwa majivu, kioo hakipitishi mwanga vizuri, na koki zimeota magamba. Jirani alinishauri nichanganye siki na magadi ya kupikia. Povu lilifurika kweli, ila uchafu ulibaki pale pale. Njombe sikuwahi kuona jambo hili. Je, kosa ni langu au ni la maji?" (Mwalimu, Chuno, Mtwara)

Marahaba, mwanangu. Kosa kubwa ni la maji. Lako ni dogo, nalo ni ule waya.

Maji ya mvua hushuka yakiwa laini, lakini yanapopenya ardhini huchukua kabonidayoksaidi iliyomo udongoni na kuwa asidi dhaifu sana. Asidi hiyo, hata kwa udhaifu wake, huyeyusha mawe ya chokaa kidogo kidogo, na pwani yetu ya kusini mawe hayo hayajaadimika. Ndiyo malighafi ya kiwanda cha saruji cha huko huko Mtwara, na ukitembea Mikindani au ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani utaona majumba ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikamanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Kisima kilichochimbwa katika ardhi ya namna hiyo hutoa maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu, nayo ndiyo yanayoitwa maji magumu. Wenyeji wako watakuambia tu kwamba maji yana chumvi, na wakati mwingine ni kweli yana chumvi pia, lakini haya ni mambo mawili tofauti: maji yanaweza kuwa magumu bila ulimi kuhisi chumvi yoyote. Njombe ulikuwa ukitumia maji yanayoteremka kwenye milima ya mawe ya itale, ambayo hayayeyuki kirahisi, ndiyo maana sabuni yako ilikuwa ikitoa povu tele na ukuta ukibaki safi.

Wanaopima maji huhesabu ugumu kwa miligramu za chokaa katika lita moja. Maji yasiyozidi 60 huitwa laini, na yanayopita 180 huitwa magumu sana. Wewe huhitaji maabara. Chukua chupa mbili zenye vifuniko, moja uitie maji ya kisima na nyingine maji ya mvua, kila moja iwe nusu, dondoshea vipande vidogo vya sabuni ya mche vilivyolingana, kisha uzitikise kwa nguvu. Ya mvua itajaa povu na maji yake yatabaki karibu maangavu. Ya kisima, kama ni magumu, itatoa povu haba linalozimika upesi, na maji yatakuwa kama yametiwa maziwa. Weupe huo uliomo ndani ya chupa ndio unaokaa ukutani kwako.

Sabuni ya mche hupikwa kwa mafuta na kostiki soda. Kalsiamu iliyomo majini inapokutana nayo huinyang'anya sehemu yake ya mafuta, na kinachozaliwa hakiyeyuki tena majini: ni kitu kama nta, cha kijivu, kinachonata na kudaka jasho, nywele na vumbi. Huo ndio utando wa sabuni. Magamba ya kwenye koki ni kitu kingine. Hayo ni chokaa tupu, iliyobaki baada ya tone la maji kukauka na kuacha mzigo wake, kama inavyobaki chini ya birika la chai. Utando hupenda kukaa pale sabuni inaporukia, yaani kuanzia kiunoni kushuka chini, na kwa wale wanaooga kwa ndoo na kata hukaa zaidi kwenye pembe ambako ukuta hukutana na sakafu; chokaa hukaa popote tone linaponing'inia na kukauka. Ukizitazama kuta zako kwa jicho hilo utajua kilichopo hata kabla ya kugusa.

Ukitaka hakika, tumia kucha na siki. Kwaruza kwa kucha: kikijiviringa kama nta ya mshumaa, ni utando wa sabuni. Dondoshea siki: ikichemka viputo vidogo, ni chokaa. Isipochemka, kucha isipoondoa kitu, na mahali penyewe pakawa pakavu na pa kukwaruza mkono, basi hapo hakuna doa, bali kigae chenyewe kimechunwa mng'aro wake, na dawa ya kuurudisha haipo dukani.

Sasa kazi yenyewe. Ugumu wa bafu la maji magumu ni kwamba vitu viwili hivi hulala kwa matabaka, nta juu na chokaa chini, kisha nta tena. Mtu akianza na siki, nta huizuia isifike kwenye chokaa. Akitumia sabuni peke yake, huondoa nta ya juu na kuiacha chokaa ikimcheka. Kwa hiyo anza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukipaka kwa sponji na kuiacha dakika kumi kabla ya kusugua kwa brashi ya plastiki au dodoki. Sabuni ya unga haishikwi na kalsiamu kwa namna ile ya sabuni ya mche, kwa hiyo hapo ulikuwa sahihi. Suuza vizuri.

Baada ya hapo ndipo asidi huingia, na ya jikoni inatosha. Siki nyeupe ya dukani kwa kawaida huwa na asidi asetiki kadiri ya asilimia 5. Itumie bila kuichanganya na maji. Iliyo nafuu zaidi, na isiyo na harufu ya kukimbiza wageni, ni unga wa ndimu unaouzwa kwa wauza viungo: vijiko viwili vya chakula katika nusu lita ya maji ya moto. Ndimu mbichi nayo hufaa kwa koki moja au mbili, lakini ukuta mzima utakumalizia kapu. Siki ya tembo la mnazi, ukiipata iliyochujwa na iliyokwisha kuwa kali kweli, hufanya kazi hiyo hiyo. Ukwaju ni mzuri kwa masinia ya shaba, si kwa vigae vyeupe, kwa sababu ya rangi yake. Na msimu wa korosho ukifika, huenda mtu akakushauri utumie maji ya mabibo kwa kuwa nayo ni makali. Usikubali, kwani mabibo yana ule ukakasi unaokausha ulimi, na ukakasi huo huacha madoa ya kahawia ambayo kila mama aliyewahi kufua nguo za watoto wa Mtwara anayajua.

Kinachofanya kazi si wingi wa dawa wala nguvu ya mkono, ila muda. Ukuta umesimama na siki hutiririka, kwa hiyo dawa iliyomwagwa hukaa juu ya doa sekunde chache tu na kuingia kwenye tundu la maji machafu. Lowesha karatasi za chooni au vipande vya kitambaa kwa siki, uvibandike juu ya doa na uviache dakika ishirini au thelathini, ukivilowesha tena vikianza kukauka. Kabla ya kubandika, mwagia ukuta maji safi ili ile saruji ya kati ya vigae ishibe maji badala ya kunywa siki, maana nayo ina chokaa na ikinywa asidi mara nyingi hulika na kumomonyoka. Koki zizungushie kitambaa kilicholowa siki, lakini usizidishe nusu saa, na zile zilizopakwa rangi ya dhahabu usizitie asidi kabisa. Zifute kwa sabuni ya maji tu. Fremu za alumini za mlango wa kioo nazo zikae mbali na siki, na kostiki soda pia isizikaribie.

Bandua, sugua, suuza, kisha rudia sabuni. Hatua hii ya mwisho wengi huiacha, wakashangaa kuta zikiteleza kwa mafuta. Asidi inapovunja utando wa sabuni huichukua kalsiamu na kuyaachia mafuta huru, na mafuta hayo hayaondoki kwa maji matupu. Yanahitaji sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu. Doa la miaka mingi halitatoka kwa siku moja. Rudia kesho kutwa, kila mara tabaka litapungua.

Kuhusu siki na magadi ya jirani yako: povu lile ni tamasha. Siki ni asidi na magadi ni kinyume chake. Vikikutana vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe, hewa inatoka kwa kelele, na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na kazi juu ya chokaa. Nguvu zote mbili umezilipia na zote mbili umezimwaga. Magadi ya kupikia yatumie peke yake, yakiwa uji mzito, kusugulia nta laini; siki itumie peke yake juu ya chokaa. Dawa ya klorini nayo huua kuvu na kuondoa rangi, lakini chokaa haiigusi, na utaona katika barua ifuatayo kwa nini sitaki ikae rafu moja na siki.

Ule waya wa masufuria uurudishe jikoni. Kigae kina ganda jembamba la kioo juu yake, waya hulichora mistari isiyoonekana kwa macho, na kila mstari huwa mfereji wa kushikia nta mpya. Ikiwa vigae vyako vinachafuka upesi kuliko mwaka jana, waya ni sehemu ya sababu.

Halafu jitahidi maji yasikauke yenyewe ukutani. Kila anayemaliza kuoga apitishe kipangusio cha mpira kwenye kioo na vigae, au kipande cha kanga kuukuu kilichotundikwa msumarini kwa kazi hiyo, na aache dirisha wazi. Chokaa huachwa na tone linalokauka. Tone lililofutwa haliachi kitu. Kwa kuoga, sabuni ya maji ya mwilini, zile zisizotokana na sabuni ya kawaida, huacha utando mdogo kuliko sabuni ya kipande. Mvua zitakaporudi, tega pipa chini ya bati na utumie maji hayo kusuuzia kwa mara ya mwisho.

"Shangazi, salaam aleikum. Nina nyumba ya wageni ya vyumba saba Lindi mjini. Sakafu za mabafu ni terazo na kuta ni marumaru. Mwezi uliopita kijana wangu wa usafi alimwaga dawa kali ya kusafishia sinki la choo sakafuni ili kuondoa utando wa sabuni. Ilichemka, akaiacha dakika kadhaa, na utando ukatoka, lakini sakafu imepoteza mng'aro na imekuwa kama msasa. Alipoona hivyo akamwaga na dawa ya klorini juu yake ili papendeze, akatoka mbio akikohoa na machozi yakimtiririka. Alipumzika nje, akapata nafuu jioni. Je, sakafu itarudi, na kijana alipatwa na nini?" (Mwenye nyumba ya wageni, Lindi)

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Niruhusu nianze na kijana, sakafu ina subira.

Dawa nyingi za sinki la choo zina asidi ya hidrokloriki. Dawa za klorini za kufulia zina haipokloriti ya sodiamu. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, gesi ya sumu iliyotumika vitani mwaka 1915, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutanda chini, pale pale alipoinama mtu anayesugua. Siki na ndimu nazo zikichanganywa na dawa ya klorini hutoa gesi hiyo hiyo, hivyo asijione salama anayetumia vitu vya jikoni. Mkojo ulioachwa chooni una amonia, nao ukikutana na klorini hutoa gesi nyingine isiyo njema. Kijana wako alifanya vizuri kutoka mbio. Hata hivyo ungempeleka hospitali siku ile ile, kwa sababu mapafu yaliyovuta gesi hii yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati mtu anadhani amekwisha kupona. Likitokea tena, mtu atoke, mlango na madirisha yaachwe wazi, na asirudi ndani kumwaga maji au kuokoa ndoo.

Kwa nyumba yenye wafanyakazi ningeweka amri mbili tu. Dawa ya klorini na dawa ya asidi zisitumike siku moja katika bafu moja, na zisikae kabati moja. Pili, dawa yoyote isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kama ile kubwa ni nzito kubeba kutoka chumba hadi chumba.

Sasa terazo. Sakafu hiyo hutengenezwa kwa vipande vya mawe, mara nyingi marumaru au mawe mengine ya chokaa, vikiwa vimeshikwa na saruji na kusagwa hadi kung'aa. Asidi iliyokusudiwa kula chokaa ya doa imekula chokaa ya sakafu, kwani kwake hakuna tofauti. Ule mchemko alioufurahia kijana ulikuwa sakafu ikiyeyuka. Hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha. Mwite fundi wa terazo aje na mashine ya kusagia, aanze na jiwe la kukwaruza na kumalizia na laini, kisha aing'arishe na kuipaka dawa ya kuziba vinyweleo. Kama hapakulika sana, kazi huwa ya siku moja kwa bafu, na kwa kuwa una vyumba saba mwombe akupe bei ya jumla.

Neno marumaru nalo limenitia wasiwasi. Siku hizi kila kigae cha ukutani tunakiita marumaru, wakati marumaru ya kweli ni jiwe, na jiwe hilo ni chokaa iliyoiva ardhini. Kigae cha udongo wa kuchoma huvumilia siki. Marumaru ya kweli huchunika kwa tone la ndimu lililodondoka kutoka kwenye glasi ya mgeni. Kabla ya kuruhusu asidi ya aina yoyote, dondoshea siki pembeni, nyuma ya mlango, usubiri dakika tano, ufute na utazame kwa kuegemeza taa. Pakichemka au pakifubaa, hilo ni jiwe.

Terazo na mawe ya namna hiyo husafishwa kwa maji ya moto, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na brashi laini. Utando mzito wa sabuni ulainishwe kwa kitambaa kilicholowa maji hayo kwa robo saa, kisha ukokotwe kwa kikwaruzo cha plastiki. Ni kazi ya taratibu, na ndiyo maana sakafu hizo zifutwe kila siku baada ya wageni kutoka, zisisubiri Jumapili.

"Shangazi, sinki la choo chetu lina mchirizi wa rangi ya chai kuanzia pale maji yanapoingilia, na duara gumu la kijivu pale maji yanaposimama. Nimemwaga dawa ya klorini ikalala usiku kucha. Duara halikutikisika, na mchirizi umezidi kukolea. Mume wangu anasema tununue sinki jipya." (Mama wa watoto watatu, Mikindani)

Mwambie mume wako aziweke hizo fedha. Duara ni chokaa, na mchirizi ni kutu. Maji ya visima vingine huwa na chuma kilichoyeyuka ambacho hakionekani mpaka kikutane na hewa. Klorini huharakisha kukigeuza kuwa kutu, kwa hiyo ulichokuwa ukifanya usiku kucha ni kupika rangi. Usitumie klorini kabisa kwa wiki nzima, ukisuuza kwa ndoo kadhaa za maji.

Kisha sukuma maji ya ndani ya sinki kwa brashi mpaka yashuke, au yachote kwa kopo ukivaa glavu, ili duara libaki wazi. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ndimu katika maji ya moto kiasi, yasiyochemka, kwa sababu kaure baridi ikimwagiwa maji yanayochemka huweza kupasuka. Lowesha karatasi, zipange juu ya duara na juu ya mchirizi, ziache zilale mpaka alfajiri. Unga wa ndimu huyeyusha chokaa na pia hukamata chuma, ndiyo maana hapa ninaupendelea kuliko siki. Duara la miaka huenda likahitaji usiku tatu au nne.

Na inua kifuniko cha tangi la choo utazame mpira wa ndani. Mchirizi wa namna hiyo huandikwa na maji yanayovuja polepole saa zote. Mpira mpya hauzidi bei ya chakula cha mchana, na usipoubadilisha utaniandikia tena.

"Shangazi, bomba la mvua linatoa maji kwa matundu manne tu, mengine yameziba. Nilitoboa kwa sindano, yakaziba tena baada ya wiki." (Msomaji, Kilwa Masoko)

Sindano hutoboa njia na kuiacha chokaa ndani. Jaza siki kwenye mfuko wa plastiki, uuvike kichwa cha bomba mpaka matundu yote yazame, ufunge kwa mpira, uache kwa saa moja kisha ufungulie maji ya moto kama unayo. Kama kichwa kinafunguka kwa mkono, kifungue na ukiloweke kwenye bakuli. Ni rahisi zaidi, na utaona vipande vilivyonaswa kwenye chujio.

"Shikamoo Shangazi. Huku Newala tunaoga maji ya mvua, yanayotoka kwenye bati na kuingia katika kisima cha saruji alichojenga babu. Nilisoma kwamba maji ya mvua ni laini, lakini bafu letu lina utando wa kijivu na mistari meupe. Tena maji ni ya kuhesabu, siwezi kusuuza mara tatu kama wanavyofanya watu wa mjini." (Mjukuu, Newala)

Marahaba, mjukuu wangu. Umesoma vizuri, ila kisima chenu kina lake. Saruji ina chokaa, na maji laini yana njaa ya chokaa: yakilala miezi katika kisima kipya huyeyusha kidogo ya kuta na sakafu yake. Kisima cha babu kimezeeka na huenda kimekwisha kutoa sehemu kubwa ya alichokuwa nacho, isipokuwa kama kilipigwa lipu upya hivi karibuni, nawe hukusema. Mistari meupe itakuwa imetoka huko, na siki kidogo kwenye kitambaa itaifuta.

Utando wa kijivu nadhani una asili nyingine. Kwa maji ya kuhesabu, mtu hujipaka sabuni ya kutosha na kujisuuza kwa kata mbili, na sabuni iliyosalia hukaukia ukutani pamoja na mafuta ya mwili, na mafuta ya nazi kwa wanaojipaka. Huo hauhitaji siki. Usubiri ukauke kabisa, adhuhuri bafu likiwa na joto, kisha uukokote kwa kikwaruzo cha plastiki au ukingo wa kadi ya simu iliyokwisha, nao utajiviringa na kudondoka, fagia, utupe. Ukifanya hivyo kabla ya kulowesha chochote, kilichobaki kitatoka kwa nusu lita ya maji ya moto yenye kijiko cha sabuni ya unga, ukipaka kwa dodoki na kufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa badala ya kumwagia. Lita mbili zinatosha bafu zima, na maji machafu yaliyobaki kwenye ndoo bado yatasugua sakafu ya choo.

Ukitaka kujua kama kisima kinachangia kiasi gani, fanya lile jaribio la chupa mbili nililomweleza mwalimu: moja maji ya kisimani, nyingine maji uliyokinga moja kwa moja kutoka kwenye bati siku mvua itakaponyesha, baada ya dakika kumi za kwanza kuosha vumbi. Povu likilingana, kisima cha babu hakina kosa.